Mguu Ulionyamaza Milimani

Mimi ni Mize, wa Jang'ombe. Mnaokaa benchi la kliniki ya sukari mnanijua. Ndimi yule bibi anayewagombeza wanaokuja na soda mkononi. Nimesimama mbele yenu mara nyingi nikasema habari za mguu wangu, na kila nikisema, wa nyuma wanacheka na wa mbele wanasinzia. Safari hii nimeandika, mkasome nyumbani, kila mtu na nafsi yake. Skuli niliachia darasa la nne, basi msitafute maneno makubwa humu.

Kazi yangu ni hina. Nimepaka mabibi harusi tangu mume wangu yuhai. Majani nayakausha mwenyewe juu ya bati, natwanga, nachunga kwa kitambaa, nakanda kwa chai ya rangi na ndimu. Ile piko, rangi nyeusi ya dukani, sipaki, inababua watu. Hina yangu ikishika imeshika. Bibi harusi atafua, atapika, atazaa, hina iko.

Na hina kwetu si pambo tu. Nyayo zikipasuka, hina. Miguu ikiwaka moto, hina. Mtu akiwa na safari ya kutembea sana, bibi yangu alikuwa akimpaka nyayo nzima, juu na chini, kuikaza ngozi. Hayo nimeyakuta na nimeyashika.

Sukari niliambiwa ninayo mwaka ule nilipomwoza binti yangu wa mwisho. Vidonge nilipewa. Nilikuwa nameza siku kinywa kikikauka na nikiamka kukojoa mara nne. Nikipata nafuu, naacha. Nesi wa kliniki alinambia, "Bi Mize, kila siku utizame nyayo zako. Ukishindwa kuinama, weka kioo chini." Nikamjibu, "Mwanangu, cha kutizamia uso kimenishinda, leo nitafute cha nyayo?" Benchi zima likacheka. Nikarudi nyumbani nimefurahi, najiona nimesema la maana.

Dalili nilipewa. Siku moja nilitoka kwenda dukani kununua chumvi. Nafika dukani muuza duka ananitizama miguuni. "Bibi, kandambili moja iko wapi?" Natizama, mguu mmoja umevaa na mmoja uko chini kwenye mchanga wa moto wa saa saba. Kandambili imenivuka mguuni, mimi sina habari. Nikaikuta mlangoni kwangu. Mtu mwenye akili angeshituka. Mimi nikasema, "Nyayo zangu zimekomaa, haziogopi moto." Nikajisifu nazo.

Daktari aliniamrisha nitembee, na hilo nililishika. Tuna kikundi chetu cha mazoezi, kinamama watupu. Jumamosi na Jumapili baada ya alfajiri tunatoka Jang'ombe mpaka Mnazi Mmoja na kurudi. Siku moja mwalimu wetu wa mazoezi akaja na jambo. Bara, Morogoro, kuna milima ya Uluguru. Akasema twende tukatembee siku nne, mkoba mgongoni, tunalala kwenye mahema, hakuna gari huko wala pikipiki. Mito tunavuka kwa miguu.

Wengi walikataa. Mimi sikuwa nimeamua. Akasema Bi Riziki, jirani yangu, ukuta wake na wangu mmoja, "Mize, we kaa nyumbani ukande hina. Mlima si ngoma ya harusi."

"Nnakwenda," nikamwambia. "Na wewe ntakusubiri kileleni, nikupikie chai."

Ndiyo ilikuwa hivyo. Mtu wa miaka sitini na saba, kwa neno moja la jirani.

Mwanangu Haji, anayekaa Uroa, akasema mama hendi peke yake. Akanipa binti yake Warda anifuate. Warda anasomesha skuli ya maandalizi, na skuli zilikuwa zimefungwa. Nikanunua viatu vipya vya kufunga kamba. Na siku tatu kabla ya safari nikajipaka hina, nyayo nzima, ubavuni, na vidole vyote mpaka chini ya kifundo. Sikupaka mara moja. Kila usiku nilipaka, nikafunga kwa mfuko na soksi, asubuhi nikakwangua. Miguu ikawa myeusi inang'aa, wekundu wake unauona ukiiweka juani. Warda akasema, "Bibi, kama umevaa buti." Nikamwambia, "Ndiyo dawa yenyewe."

Vidonge niliviacha nyumbani, kwenye kopo juu ya kabati. Sikuvisahau. Nilisema nitatembea siku nne, sukari itashuka yenyewe.

Siku ya kwanza tulipanda. Sisi watu wa Unguja hatujui kupanda. Kwetu ukipanda sana umepanda ngazi. Huko unapanda saa nzima, unainua macho, mlima bado umekukalia kichwani. Wanawake wa huko wanatupita na mikungu ya ndizi vichwani, miguu mitupu, wanatusalimia na pumzi zao zimetulia. Sisi hata "marahaba" haitoki. Bi Riziki alikaa kwenye jiwe akasema, "Niacheni hapa, mnipitie mkirudi." Akaambiwa haturudi kwa njia hii. Akasimama.

Mimi nilikwenda. Nasema kweli, miguu haikuniuma hata chembe. Wenzangu wanalia malengelenge, mimi nnawacheka.

Jioni, mahema yameshasimama, yule kijana wa kutuongoza akaja. Jina lake Mkude, Mluguru wa huko huko, mtu mwenye adabu. Akatandika turubai, akasema kila mtu avue viatu na soksi, anakagua miguu. Akanifikia mimi.

"Bibi, viatu."

"Viatu vimefanya nini?"

"Natazama miguu ya kila mtu kila jioni. Huku kwetu mguu ndio gari. Likipata pancha, hakuna fundi."

"Mwanangu, miguu yangu haijatizamwa na mwanamume tangu nitoke eda. Wewe ndiye utakayefungua?"

Watu wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Yeye akainama, akasema, "Basi bibi, akutazame mjukuu wako." Warda akanitizama. "Imekoza, bibi. Mashallah." Tukalala.

Asubuhi ya siku ya pili nikawa najifunga ushungi ndani ya hema. Nina pini yangu, ina kishanga cha buluu kichwani, aliniletea binti yangu kutoka Maskati. Naitafuta, haipo. Nikapekua mkoba, nikakung'uta blangeti. Hema tulilala watu watatu, mimi, Warda na Bi Riziki. Warda alikuwa keshatoka.

"Riziki, pini yangu iko wapi?"

"Pini gani?"

"Usinitumbulie macho. Ya buluu. Jana uliisifu."

"Nimeisifu, sijaila."

"Basi imeota miguu?"

"Mize, tumekaa ukuta mmoja miaka thelathini. Ningekuwa mwizi ningekuibia Jang'ombe, nisingepanda mlima."

Ningecheka, yakaisha. Sikucheka. Nilitoka nje nikamwita mwizi mbele ya watu. Akafunga mkoba wake, akaenda mbele. Kutwa nzima hakunisemesha.

Nikavaa viatu vyangu, nikafunga kamba, nikatembea. Nilitembea kutwa. Tulivuka mto wa mawe, maji yanafika magotini. Mkude akawa anawabeba wasioweza, mgongoni. Mimi nikakataa, nikaingia na viatu vyangu. Nikatoka ng'ambo nimelowa mpaka magotini na mguu wangu wa kulia nnauburura kidogo. Nadhani ni viatu vimeingia maji.

Na mjue kwamba mimi nasali. Njia nzima nilikuwa navua soksi, naosha miguu, napitisha kidole baina ya vidole kama inavyotakiwa. Maji ya mlimani yana baridi kama barafu, nilikuwa nafanya haraka. Niliushika mguu ule kwa mkono wangu mwenyewe, mara kwa mara, na sikuona kitu. Jioni Warda alinimulika kwa simu. "Nyekundu nyekundu tu, bibi. Ni hina." Hata yeye hakuona.

Siku ya tatu niliamka natetemeka. Meno yanagongana. Wakanipa uji, nikautapika. Kiu nilikuwa nayo, chupa ya maji namaliza naomba nyingine. Nikasema ni baridi ya milima, watu wa pwani hawaiwezi. Nikatembea tena. Sijui nilitembea vipi. Nakumbuka mgongo wa Warda mbele yangu na majani ya migomba, basi.

Mchana tukapumzika kando ya kijito. Mkude akasema wenye viatu vilivyolowa waviweke juani. Mimi nimejilaza kwenye jiwe. Warda akanivua, akachukua kiatu cha kulia, akachomoa ile soli ya ndani aikaushe. Kikadondoka kitu juu ya jiwe. Kidogo, cha buluu.

"Bibi," akasema, "si cha pini yako hiki?"

Nikakitizama. Kilikuwa kishanga changu. Kwanza niliona haya. Bi Riziki alikuwa amekaa hapo hapo, anakula muhogo. Alikiona. Akaacha kutafuna.

Kisha Warda akakiokota, akakigeuza. Sauti yake ikabadilika.

"Bibi. Hiki kichwa tu. Sindano yake iko wapi?"

Akapekua kiatu, akakikung'uta, akaingiza mkono mpaka mwisho. Hakuna kitu. Kisha akanitizama mguu.

Akaushika akaubonyeza chini ya kidole gumba. Kidole chake kikazama. Ukaruka usaha mpaka kwenye mkono wa nguo yake, na ikatoka harufu ambayo sitaisahau. Kama panya aliyefia ukutani. Harufu ile inatoka kwangu.

"Bibi, huumwi?"

"Siumwi."

"Bibi, kidole changu chote kimeingia!"

"Nimekwambia siumwi!"

Nilikuwa natizama mkono wake unanibonyeza na sisikii chochote. Ni kama anabonyeza mguu wa mtu mwingine. Mpaka leo nikikaa peke yangu naliona hilo jambo, na mwili unanisisimka. Sindano ya ushungi imeingia yote mguuni kwangu, imevunjika, nimetembea nayo kutwa na nusu, milima na mito, na mguu umenyamaza kimya.

Mkude akaja mbio. Safari hii sikumkataza. Akanipandisha suruali. Kwenye hina hukuona kitu, weusi mtupu. Lakini hina ilipoishia, hapo kifundoni, pakaanzia wekundu kama wa nyanya, umevimba, ngozi inang'aa. Na kutoka hapo mstari mwekundu umepanda muundi mzima, unakaribia goti. Mkude akaufuatisha kwa kidole bila ya kuugusa. Akasema taratibu, "Bibi huyu hatembei tena hata hatua moja."

Akasimama juu ya jiwe akapiga ukelele kwenda bondeni. Ukajibiwa. Akapiga tena. Hazikupita dakika nyingi wakapanda wanaume wanne na majembe yao, walikuwa wanalima maharage. Hakuna aliyeuliza huyu nani, wa wapi, dini gani. Wakakata miti miwili, wakafunga blangeti na kanga zetu, ikawa machela. Ndiyo ada yao huko, mgonjwa habebwi na jamaa zake peke yao, anabebwa na mlima mzima. Tulipokuwa tunashuka, kila kitongoji wanatoka wengine, wanapokea mabega.

Mmoja akasema, "Bibi wa Unguja mzito. Mnakula nini huko?"

Nikamwambia, "Tunakula wanaume wenye maneno mengi."

Wakacheka, na mimi nilicheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka kwa siku nyingi.

Chini kulikuwa na mto mkubwa. Mvua ilikuwa imenyesha juu, mto umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa. Barabara iko ng'ambo. Wakasimama wakashauriana kwa Kiluguru. Sikuelewa, lakini nilimwona Mkude anatupa kijiti majini, kijiti kikaondoka kama kimeitwa. Wakavua mashati. Wakaniinua machela juu ya vichwa vyao, wanane, wanne huku wanne huku, wakaingia. Maji yakawafika kifuani. Machela inakwenda upande. Naona mbingu tu, na mkono wa Warda umeshika ncha ya kanga. Nikatoa shahada kwa sauti. Yule wa maneno mengi akasema, "Bibi, usituage bado, hatujafika katikati."

Nao walinivusha. Majina yao sikuyajua yote. Nawaombea wote.

Zahanati ya kule nikapigwa sindano, kisha gari ikanipeleka mjini, hospitali kubwa. Wakanitoboa kidole kupima sukari. Mashine haikuleta nambari. Nesi akasema imepanda mpaka mashine imeshindwa kuihesabu. Wakanipiga picha ya mguu, wakanionesha. Pini yangu nikaiona, nyeupe, imenyooka, imelala ubavuni mwa mfupa kama imewekwa.

Daktari alikuwa kijana mdogo, akaniamkia vizuri. Akaanza kunisafisha mguu. Akasugua kwa spiriti. Akasugua kwa sabuni. Pamba inatoka safi.

"Bibi, hii rangi ni ya nini?"

"Hina."

"Inatoka kwa nini?"

"Haitoki."

Akakaa kwenye kiti. "Mimi najua nyama hai kwa rangi yake, na nyama iliyokufa kwa rangi yake. Wewe umezipaka zote rangi moja. Sijui wapi nianze na wapi niishie."

Miaka yote nimejisifu hina yangu haitoki. Pale nilitamani itoke hata na ngozi yake.

Akanambia kweli, hakuficha. Lazima wafungue siku hiyo hiyo. Wakikuta sumu haijaingia sana, wataondoa vidole. Wakikuta imeingia, watakata chini ya goti. Wakichelewa, hakutakuwa na la kukata. Akataka nitie saini.

Warda akampigia baba yake. Haji sauti yake ilijaa chumba. "Asikatwe mtu! Nnakuja na boti ya kesho. Tutamrudisha Unguja, Mangapwani kuna mzee anatibu miguu, hakati." Daktari akasema, "Mwambie kesho ni mbali." Haji akakata simu.

Na mimi, msinione nina busara leo. Nilikubaliana na Haji. Nikasema, "Nilikuja na miguu miwili, nitarudi na miwili. Nikifa, nizikwe mzima." Karatasi nikaisukuma. Warda akalia, akanibusu mikono, akapiga magoti. Sikumsikiliza. Mkaidi ni mimi.

Ndipo Bi Riziki akaingia. Alikuwa ameiacha safari, amefuata machela nyuma kwa miguu mlima mzima, na hakuna aliyemwomba. Matope mpaka magotini. Akasimama mlangoni. Nikaona nimalize la dunia kabla sijaondoka.

Nikamwambia, "Riziki, nilikuita mwizi mbele ya watu. Nisamehe."

"Sikusamehe."

Nilidhani sikusikia. "Riziki, mimi nnakufa."

"Nimesikia. Nimesema sikusamehe. Tia saini, ingia huko ndani, ukatwe unachokatwa. Ukitoka hai, njoo uniombe tena, ntafikiria. Ukitaka kwenda mbele ya Mungu na dhulma yangu shingoni kwa sababu ya vidole, shauri yako."

Daktari katizama chini. Mimi mwili ulinifa ganzi, na si kwa sukari. Nyinyi mnajua neno hilo lina uzito gani. Mtu anayekata roho kunyimwa msamaha na aliyedhulumiwa naye! Nilimchukia pale. Nilimtukana, siandiki nilivyomtukana. Kisha nikasema, "Leteni hiyo kalamu."

Nilizinduka na kiu. Kitu cha kwanza nilipeleka macho miguuni. Shuka ilikuwa imeinuka mahali pawili. Nikaanza kulia, maana nilijua wa pili upo. Walitoa pini, kidole gumba, cha pili yake, na kipande cha unyayo kama kitumbua. Daktari akasema, "Kuoza kulikuwa kumebaki kidogo sana kupite kifundoni. Ungengoja boti ya kesho, tusingekuwa tunazungumza."

Bi Riziki alikuwa amekaa kitandani kwangu, miguuni. Nikamwambia, "Riziki."

"Nimekusamehe," akasema. "Zamani. Toka pale kijitoni, kishanga kilipoanguka. Sasa usiniongeleshe, nimechoka." Akalala hapo hapo, na matope yake.

Haji alifika kesho yake na ghadhabu zake. Daktari akamwita, akamfungulia bandeji akamwonesha. Haji akatoka nje. Aliporudi macho mekundu, akakaa akanilisha uji. Hatukumtaja mzee wa Mangapwani tena.

Msidhani iliishia hapo. Kupona ni kazi kuliko kuumwa. Kidonda kiliachwa wazi, hakikushonwa, kinajazwa kitambaa kila siku. Kwa kuwa siumwi, nilikuwa naona nyama yangu inakatwa na mkasi na mimi natizama, kama natizama mtu anasafisha samaki. Wiki ya pili ukingo ukawa mweusi tena. Safari hii daktari aliuona mapema, kwa sababu ngozi ya hina ilishaanza kubambuka kama ganda la kitunguu, na chini yake ngozi ya kweli imetokeza. Kikaenda kidole cha tatu. Nikatia saini mwenyewe, sikusubiri kuambiwa mara mbili.

Nilirudi Unguja natembelea gongo. Miezi mitano nilikuwa napelekwa kufungwa kidonda. Nilijifunza kujidunga sindano ya sukari tumboni, mimi niliyekuwa nakimbia hata ya kichaa cha mbwa. Mwanzo nilikuwa nafumba macho mpaka nachoma kidole. Siku moja nilijidunga nikaacha kula, sukari ikashuka, jasho likanitoka, nikawa namwita Warda kwa jina la mama yangu. Alinitia asali mdomoni. Basi na hilo mlijue, sindano na chakula haviachani.

Leo kidonda kimefunga. Nina viatu vilivyoshonwa kwa kipimo cha mguu wangu ulivyo. Natembea. Mnazi Mmoja nafika, polepole, na Bi Riziki anakwenda mbele anajidai ananisubiri.

Watu wananiuliza kama nimeacha hina. Sijaiacha, hina haina kosa. Aliyekosa ni mimi, niliyepaka nyayo zilizokwisha kufa ganzi, nikaacha vidonge juu ya kabati, nikamfukuza mtu aliyetaka kunitizama. Lakini mwenye sukari akija kwangu, nampaka mikono. Nyayo simpaki, hata aniletee nini. Mmoja alinuna akaenda kwa mwingine. Aende.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenirudishia siku zilizokuwa zimekwisha. Nawashukuru wanaume wa Uluguru walioacha majembe. Namshukuru daktari aliyenambia kweli. Warda, Mungu akupe wajukuu watakaokushika mguu kama ulivyonishika wangu. Riziki hashukuriwi kwa maandishi, atajidai Jang'ombe nzima.

Na wewe unayesoma, una sukari, na miguu haikuumi. Kutouma si uzima. Mguu mzima ukichomwa unapiga kelele. Usingoje kuumwa, usiingoje kliniki ya mwezi ujao, usimwonee haya mtu wa kukutizama.

Weka karatasi hii chini. Vua kiatu, vua na soksi. Kung'uta kiatu. Geuza unyayo, utizame wote, kisigino mpaka baina ya vidole, na kama huoni vizuri mwite aliye karibu.

Vua, mwanangu. Nimekaa nangoja.